Joto la Merveille

Merveille alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Siku alipotoka hospitali, wauguzi walimwambia mama yake, Colombe, jambo moja kwa namna nyingi: baridi isimguse. Amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Na asithubutu kuwasha makaa chumbani, kwa sababu sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na mtoto mdogo hivyo hana nguvu ya kupambana nayo.

Colombe alitii. Alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akapika naye, akala naye, akalala ameketi, mgongo ukiegemea ukuta. Lakini mvua ilikuwa haijaacha Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, kwa muda mrefu, na huku kwetu juu mlimani, ambako nyumba za mbao zimebanana hadi jirani akikohoa unamwitikia pole, baridi haigongi mlango. Inapita kwenye nyufa. Kisha titi la kushoto la Colombe likavimba, likawa gumu kama jiwe, homa ikampanda. Akaanza kutetemeka, na mtoto aliyelala kwenye kifua kinachotetemeka naye hakutulia.

Mumewe Apollinaire, dereva wa lori, alikuwa amekwama njia ya Bunyakiri, matope yameikata barabara. Aliyekuwa nyumbani ni mama mkwe, Godelive, aliyetoka Luhwindja kuja kumsaidia: mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia, aliyewalea watoto wake wote kando ya moto.

"Mama Merveille, minaleta mbabula," alisema asubuhi ile, amesimama mlangoni na jiko lake la makaa. "Kidogo tu. Weye mwenyewe unatetemeka."

"Hapana, Mama. Ku hôpital walikataza."

"Bwana yako nilimulea na makala. Alikufa?"

Colombe aliinama, akavuta chauffage kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa hita ya umeme, chuma kifupi chenye fito mbili zinazogeuka nyekundu nyuma ya wavu. Apollinaire alipewa na familia moja ya mtaa wa Nguba siku alipowahamishia vyombo vyao. Colombe akaichomeka kwenye waya mrefu uleule uliobeba taa na simu, akabonyeza swichi.

Kwanza ilinuka vumbi linaloungua. Kisha fito zikapata wekundu, na joto likamfikia magotini, likapanda. Alifumba macho. Merveille alinyoosha kidole kimoja, akakikunja tena.

Haukupita muda, ukuta ukagongwa.

"Mama Merveille! Muko munawasha nini kule? Pasi yangu imepoa!"

Alikuwa Venant, fundi cherehani, ambaye nyumba yake na ya Colombe zilishiriki ukuta mmoja wa mbao. Kisanduku cha umeme kilikuwa upande wake, na humo ndimo Colombe naye alimopata umeme.

"Ni chauffage, Papa Venant. Ya mutoto."

Venant akazunguka mwenyewe hadi mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Hakuitazama chauffage. Alichuchumaa penye waya, akaugusa, akautoa mkono haraka.

"Huu waya iko na moto. Gusa."

"Minajua, Papa. Lakini mutoto iko na baridi."

"Mama, mumesahau ule moto ya kule chini? Ilianzia nyumba moja tu. Watu wote walilala inje." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimtisha Colombe zaidi. "Mi naelewa mambo ya mutoto. Niko na batoto yangu pia. Lakini nikisikia harufu, nakata."

Alipoondoka, Godelive, aliyekuwa kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo, alitikisa kichwa kukubaliana naye. Colombe aliliona hilo, likamchoma. Hakuizima. Alikaa akiugusa waya kila mara, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa: moto, bado moto, moto zaidi kidogo? Mtoto alilala. Yeye hakuweza.

Mchana umeme ukakatika, kama kawaida yake. Fito zikawa nyeusi na chumba kikaanza kupoa tena. Homa ya Colombe ilikuwa imepanda kiasi kwamba meno yalikuwa yakigongana.

"Enda ku pharmacie," Godelive akasema. "Ukianguka weye, nani atamunyonyesha? Mi niko hapa."

Colombe alimzungushia Merveille blanketi, akamvika kofia, akamlaza kitandani, upande wa chauffage kwa sababu chuma chake kilikuwa bado na uvuguvugu. Akajifunika kitenge kichwani, akatoka. Swichi aliiacha vilevile.

Godelive alibaki akifua vitambaa vya mtoto. Mvua haikuruhusu kuanika nje, na vya jana vilikuwa bado vibichi. Akaangalia kile chuma kilichozimika, kimesimama pale bila kazi, akavitandika juu yake. Mtoto alikuwa amelala vizuri. Akaenda jikoni, kibanda kilicho nyuma ya nyumba, kuangalia sombe yake.

Colombe alikuwa njiani kurudi, dawa mkononi, mlima mzima ulipolipuka kwa shangwe. Watoto walipokezana kelele kutoka uchochoro hadi uchochoro: "Courant! Courant imerudia!" Redio zikaamka. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Colombe naye alitabasamu, kama wanavyotabasamu watu wote wa Bukavu umeme ukirudi.

Kisha miguu yake ikasimama.

Alipanda mbio. Njia ilikuwa udongo mtupu, utelezi mtupu. Kandambili moja ikabaki kwenye matope, akaacha na ya pili. Kila hatua titi lilimchoma kama kisu. Mama mmoja mwenye beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, alimpisha akimuuliza kuna nini, hakujibiwa. Alipoifikia kona ya nyumba yao aliona moshi, akajiambia ni wa jikoni. Lakini jikoni ni nyuma. Moshi huu ulikuwa unatokea mbele, chini ya mabati.

"Mama! Mutoto iko wapi?"

Godelive alichungulia kutoka kibandani, mwiko mkononi. "Analala. Nini?"

Colombe aliusukuma mlango. Vitambaa vilikuwa vinawaka mbele ya wavu, na moto ulikuwa umekwisha kushika pazia, unapanda kuelekea mbao. Waya ulikuwa unayeyuka, matone ya plastiki yanaanguka sakafuni yakiwaka. Kitanda kilikuwa hapo hapo pembeni. Akabana pumzi, akapapasa, akalishika blanketi, akalivuta kifuani. Ndani yake mwili mdogo ulitikisika, lakini Merveille hakulia.

Alipogeuka, Godelive alikuwa ameinua beseni la maji ya kufulia.

"Mama, hapana! Waya iko na courant! Usimwage!"

Godelive aliganda. Maji ya beseni yakamchuruzikia miguuni. Colombe akaupiga ukuta kwa kisigino. "Papa Venant! Kata! Kata courant!"

Upande wa pili redio ilikuwa inaimba kwa nguvu na cherehani inakwenda kasi. Akapiga tena, akaita hadi sauti ikakwaruza. Ubao wa kwanza ulishika moto.

"Namwaga!" Godelive alisema.

"Ngoja, Mama! Nakuomba, ngoja!"

Redio ikakatika katikati ya wimbo.

"Nimekata!" sauti ya Venant ikapaa. "Mumwage! Mumwage!"

Beseni likaruka lote. Godelive hakungoja la pili. Alilikamata pazia kwa mkono mtupu, akalivuta chini, akalikanyaga. Venant akaingia na gunia lililolowa, akaupiga ubao, akaupiga, hadi pakabaki weusi na mvuke.

Nje, kwenye manyunyu, Colombe alikuwa amepiga magoti. Alifungua blanketi. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Akamsugua mgongo, akamsugua nyayo, kama alivyofundishwa. "Merveille. Maman, nisikie. Merveille." Majirani walikuwa wamejaa uchochoroni. Kisha kikatoka kikohozi kidogo, kikavu. Kisha kingine. Kisha kilio, chembamba, cha hasira, na Godelive akakaa chini kwenye matope akasema tu, "Maria. Maria."

Walishuka hadi kituo cha afya, Venant akiwashikia mwavuli. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu kabla ya kusema kwamba moshi haukuingia sana. Alimfunga Godelive kiganja kilichoungua. Kisha akamchoma Colombe sindano, akampima homa, akatikisa kichwa.

"Weye leo unalala. Unanyonyesha, unalala. Na huyu, nani mwenye kumubeba kifuani?"

Godelive alikitazama kiganja chake kilichofungwa.

"Kifua ya koko, bibi yake, inaweza?"

"Kifua ya koko ni kifua pia, Maman."

Godelive hakuwahi kufungua hata kifungo cha juu mbele ya binti zake mwenyewe. Aligeukia ukuta, akafungua blauzi, na muuguzi akamlaza Merveille pale, shavu likigusa ngozi iliyozeeka.

Nyumba isingelalika. Venant alihamisha vitambaa na cherehani yake, akaweka godoro. "Kelele nitawapigia kesho," alisema. "Leo muingie." Na kesho yake alipiga kelele kweli, asubuhi nzima, huku akipigilia mbao mpya.

Wakati anapigilia, Godelive alisema bila kumtazama mkwe wake, "Ni mi niliweka vile vitambaa. Sikujua kile chuma kinaweza kuamuka."

"Na mi ndiye sikuizima, Mama. Wala sikukuambia."

Hawakuendelea na maneno hayo. Colombe alinyonyesha, akamrudisha mtoto kwenye blauzi ya bibi yake, akalala tena.

Barabara ilipofunguka, Apollinaire alifika na matope hadi magotini. Alikwisha kuambiwa njiani, na uso wake ulionyesha kila alichoambiwa. Aliingia kwa Venant bila kubisha hodi, akamwona mkewe amekaa anakunywa uji, akamwona mama yake, akaona kofia ndogo ikichungulia kati ya vifungo. Akanyoosha mikono.

"Usimuguse," Godelive akasema. "Mikono yako iko baridi. Ikala kwanza."

Apollinaire akakaa, akaiweka mikono katikati ya magoti, akaanza kuisugua.