Cheni ya Shemeji Ombeni

Jana niliota. Na kabla hamjaanza kusema ni makande niliyoshiba usiku, makande nayala tangu utotoni na hayajawahi kunionyesha kitu.

Mambo yenyewe yalianzia kazini, mchana, nikiwa macho. Mimi ni fundi pikipiki hapa Usangi, naitwa Mbonea. Shemeji yangu Ombeni, aliyemuoa mdogo wangu Nakiete, aliniletea pikipiki yake inalia kama mashine ya kusaga. Nikaikagua. Cheni imelegea mpaka inapiga chuma, na sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, meno yake yote yamechongoka na kulala upande mmoja kama miiba.

"Shemeji, hapa inaingia seti nzima," nikamwambia. "Cheni na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukiweka cheni mpya kwenye meno haya utaiua, na ipo siku itaruka ukiwa mteremkoni."

"Shem, acha kunitisha bwana. Funga cheni tu. Sproketi bado zinadai."

Kitu kikiwa bado kinadai, maana yake bado kina maisha. Kwa Ombeni kila kitu kinadai. Viatu vyake vinadai, breki zinadai, hata betri ya redio aliyoitafuna kwa meno kuiongezea nguvu inadai. Ningemkatalia, lakini kumkatalia shemeji mbele ya wateja, naye ni mgeni wako, usiku utakula naye sahani moja, jamani, si jambo dogo. Nikafungua boksi la seti, nikatoa cheni peke yake, nikaifunga. Sproketi mpya zikabaki ndani ya boksi.

Sasa, asubuhi yake alikuwa ampakie Nakiete washuke kliniki Mwanga. Nakiete ana mimba ya miezi saba, na ule mteremko una kona ambazo hata mbuzi husimama kwanza akafikiria. Nilikula sikusikia ladha. Tukaingiza pikipiki sebuleni, maana nyumbani kwangu pikipiki hailali nje. Ombeni na Nakiete wakaenda chumba cha wageni, mimi nikajitupa kitandani.

Nasikia hodi.

Ni mchana kweupe. Mlangoni pa chumba changu amesimama cheni, wima, grisi yake mbichi inang'aa, kajifunga kitenge kiunoni. Kiuno chenyewe sikukiona, lakini kitenge kilikuwa kiunoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba." Niliitikia bila kusita, maana alikuwa bado binti mdogo, ametoka kwenye boksi siku hiyo hiyo.

"Nimekuja kushtaki."

"Karibu. Unamshtaki nani?"

"Wewe hapo. Tulitoka kiwandani boksi moja, mimi na dada zangu wawili. Tuliambiwa hatutengani. Wewe umenitoa peke yangu, ukaniozesha kwa mzee bila hata kuniuliza."

Namwambia kuna mambo ya shemeji hapa katikati, si rahisi kama anavyodhani. Anasema anaelewa, mambo ya shemeji ni mazito, lakini wazee wameshakaa sebuleni wananingoja. Nikavaa ndala nikamfuata.

Kweli wamekaa. Spana namba kumi na saba ndiye mwenyekiti. Koleo, nyundo na kopo la grisi wamebanana kwenye kochi na makoti yao, washenga kamili. Kwenye kiti changu, kiti ambacho kila mtu anajua ni changu, amekaa sproketi ya nyuma ya Ombeni, blanketi mabegani, anakunywa dengelua, pombe ya miwa, kwa mrija. Nikakaa chini.

"Bwana harusi," anasema mwenyekiti, "una umri gani?"

"Sijui. Bado nadai."

"Anadai," wanaitikia washenga.

"Hebu onyesha meno."

Mzee anafungua kinywa. Meno yote yamelala kushoto. Kopo la grisi, ambaye ameona mengi, anageuza uso akatazama ukutani.

"Fundi," mwenyekiti ananigeukia, "sheria yenu inasemaje?"

Nikaisema kama ninavyowaambia wateja kila siku. "Cheni mpya hufuata meno aliyoyakuta."

Bora ningenyamaza. Sijamaliza kusema, cheni akakohoa. Kitenge kikapauka palepale nikiangalia. Pingili zake zikaanza kulegea moja baada ya nyingine, mgongo ukapinda, akaomba apewe kigoda. Akakaa polepole huku ameshika ukuta, halafu akaniangalia.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona hunisalimii?"

"Shikamoo mama," nikasema. Ningefanyaje?

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Za hapa?"

"Nzuri mama."

Aibu ilinishika. Binti aliyeniamkia mlangoni muda si mrefu, sasa namwamkia mimi, na mkono wangu ndio uliomfikisha huko. Washenga wakasema basi, ndoa imeshakuwa ndoa, wakaanza kuulizia chakula.

Hapo sakafu ikainama. Sikuona ilivyoanza. Naona tu sahani za makande zinateleza kuelekea dirishani, kochi na washenga wake wanafuata, wote wametulia kama watu waliokata tiketi, na badala ya dirisha kuna barabara ya kushukia Mwanga. Pikipiki inashuka. Ombeni ameshika usukani, kapiga tai. Nyuma yake amekaa Nakiete, upande upande, anatafuna udongo wake wa wajawazito. Yule mama cheni anazunguka kwenye meno ya mzee, anahema.

Mimi nakimbia pembeni yao na sahani mkononi. Sichoki. Ndotoni nina mapafu mazuri sana.

Cheni akaruka jino. Ka!

Na kona ya kwanza ikarukwa. Haikuwepo tena. Tulikuwa kabla yake, tukawa baada yake.

"Umeona?" Ombeni akasema kwa furaha. "Tunawahi."

Ka! Zikarukwa Jumatano mpaka Jumamosi. Kengele ya kanisa ikagonga ya Jumapili, watu waliokuwa njiani kwenda shambani wakajikuta wamevaa suti na majembe mikononi. Hakuna aliyelalamika. Walizungumza kidogo wenyewe kwa wenyewe, wakaingia ibadani.

Ka! Nakiete akaacha kutafuna.

"Kaka," akaniita, kwa sauti yake ileile ya kuulizia chumvi, "mwezi wa nane sijauona."

Nikaangalia tumbo. Limeshakuwa la miezi tisa. Limepanda mpaka chini ya kidevu, ameegemeza mikono juu yake kama mtu aliyekaa mezani.

"Ombeni, simama!" nikapiga kelele.

"Shem, acha kunitisha."

Nikamuuliza mzee sproketi, kwa heshima, kinachofuata kurukwa ni nini. Alifikiri. Akapapasa meno yake kwa ulimi, moja baada ya jingine, mpaka akalifikia lililochongoka kuliko yote.

"Hili lina mtoto," akasema. "Tukiliruka hili, mama atakuwa kabla ya kuzaa, halafu atakuwa baada. Mtoto atabaki hapo katikati."

"Katikati wapi?"

"Pale kona ilipobaki."

Niliogopa. Nimeshaona pikipiki zimekatika katikati, nimeshaona mguu umegeukia usipotakiwa, lakini hofu kama ile sijawahi kuipata. Nikatazama nyuma kona ilipokuwa na hapakuwa na kitu, hata majani. Huyu ni Nakiete, niliyembeba mgongoni tukienda kuteka maji, na mimi ndiye niliyemfungia cheni ile huku najua.

Nikamwinamia mama cheni. "Mama, wewe unasimamishwaje?"

"Nina loki moja tu ubavuni," akasema. Loki ni kile kibati kidogo chenye umbo la samaki kinachobana ncha mbili za cheni zisiachane. "Ing'oe, nilale chini. Nimechoka, mwanangu. Nimezeeka mchana mmoja."

Nikaitazama loki. Yenyewe haikusema neno, maana ukifunga loki vizuri mdomo wake hutazama nyuma, na mambo yote yalikuwa mbele.

"Siwezi," nikasema. "Pikipiki ikiwa inatembea cheni haiguswi. Ndiyo sheria."

Mzee sproketi akakubali kwamba ndiyo sheria. Pikipiki nayo ikasikia, ikaona haya. Ikasimama palepale. Barabara ndiyo ikaendelea kuteremka peke yake bila sisi, na kona zake, na washenga kwenye kochi, spana kumi na saba akinipungia mkono. Vifaa vyangu vyote vikaenda hivyo. Nikabaki na sahani.

Mteremko mtupu, hakuna koleo, hakuna bisibisi. Jino la mtoto tayari limeshafika juu, limeinama, na pingili ya mama cheni inatetemeka kwenye ncha yake. Ombeni anauliza kwa nini mandhari inatembea. Nakiete ananiangalia tu, hasemi kitu, na mimi namjua, akinyamaza hivyo ana maumivu.

Nikaweka sahani chini, nikapiga magoti, nikaing'ata loki.

Ilikuwa ngumu. Grisi ilijaa mdomoni, nikavuta, nikavuta tena, shingo yote ikakaza. Mama cheni akanishika kichwani, kwa mkono ambao hana.

"Meno yako mazima, mwanangu," akasema. "Hata moja halijalala. Vuta."

Ikang'oka. Mama cheni akajilaza barabarani kwa urefu wake wote, akashusha pumzi, akalala. Alikoroma kidogo tu, kistaarabu.

Nikaamka. Kumekucha, majogoo wa jirani wameshachoka kuwika, na huko uani Ombeni anafoka.

"Shemeji! Shemeji, hebu njoo uone kazi yako!"

Nikatoka na ndala mguu mmoja. Pikipiki iko uani, inaunguruma mahali pamoja. Nakiete amekaa nyuma, tayari, kajitanda mtandio, mkoba wa kliniki mapajani, tumbo lake la miezi saba mahali pake. Chini ya pikipiki, kwenye vumbi, cheni mpya imelala kwa urefu wake wote.

"Nimeingiza gia tu, hata geti sijafika, chwa! Imeshuka," Ombeni anasema, na anasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde. "Jana umefunga, leo imelala. Fundi gani wewe? Na loki hakuna! Nimeitafuta sebuleni kote, nimepiga magoti chini ya kochi, hakuna loki. Si ulisahau kuifunga? Sema ukweli."

Mama Nakijwa, jirani yangu, alishafika kwenye ua na kikombe chake cha chai. Kufika saa sita, Usangi nzima ingekuwa inajua kwamba Mbonea anafunga cheni bila loki.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na ya kumjibu mengi, tangu jana yake. Lakini chini ya ulimi wangu kulikuwa na kitu, chembamba, cha baridi, kina ncha mbili. Nikaufunga mdomo.

"Kaka, si useme kitu?" Nakiete akaniambia.

Nikatikisa kichwa. Nikampa mkono, nikamshusha, nikamkalisha kwenye ngazi, nikafuata boksi kibandani kwangu. Nilirudi na sproketi zote mbili mpya, nikaziweka chini mbele ya Ombeni, nikaanza kufungua nati za nyuma. Akasema hajaagiza sproketi. Sikumjibu. Akasema sproketi zake hazina shida, shida ni fundi. Sikumjibu. Mtu ukimnyamazia sana huanza kupungua sauti, na yeye akapungua, akabaki amesimama na mikono mfukoni.

Sproketi ya zamani nikaichomoa, nikaipiga chini mara moja kuitoa vumbi. Jino moja likakatika, likaruka likamgonga Ombeni kwenye kiatu.

Akaliokota. Akalizungusha kati ya vidole, akaitazama barabara ya kushukia Mwanga, halafu akamtazama mkewe pale kwenye ngazi, anavyojikuna tumbo na kupiga miayo. Kisha akavua koti, akachuchumaa, akanishikia tairi.

Tukafunga ya mbele, tukafunga ya nyuma. Nikaifuta cheni vumbi kwa kitambaa kisafi, taratibu, nikaizungusha kwenye meno ya dada zake, ncha mbili zikakutana. Ikabaki loki.

"Basi subiri nikakuletee nyingine dukani," Ombeni akasema, kwa upole ambao sikuuzoea.

Nikamwonyesha kwa mkono aketi. Nikageuka upande, kama mtu anayepiga chafya, nikaitema kiganjani. Ilikuwa nzima kabisa. Nikaibana mahali pake, mdomo wake ukitazama nyuma.

"Heh! Umeipata?" Ombeni akauliza. "Ilikuwa wapi?"

Nikajifuta grisi midomoni.

"Panda, mama mtoto," nikamwambia Nakiete. "Shukeni taratibu."