Betty wa Kwenye Kioo

Mwaka 1999 Rayhana, fundi cherehani wa Mbugangari nchini Rwanda, aliagizwa nguo ambayo hakuwahi kuiota katika miaka kumi na saba ya kushona: gauni la kompyuta. Aliyemwagiza alikuwa Munyaneza, mkuu wa kituo cha kufundishia watu wazima karibu na soko la Gisenyi. Alitaka kitambaa cheupe, chenye lasi pindoni.

"Ile mashine inaogopa vumbi, Mama Shafi," alimweleza.

"Na sisi je? Wanafunzi wako tunakalia matofali, direkteri. Vumbi yote iko kwetu."

Munyaneza alitazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Rayhana alishona, lakini moyoni alicheka kwa dharau. Alikuwa mwanafunzi wa kituo kile kwa miezi minne sasa. Mashirika ya misaada yaliyojaa mjini yalikuwa yakiagiza sare za shule kwa mamia, na wakubwa wao hawakujua Kifaransa wala Kinyarwanda. Basi kila siku saa tisa alasiri alifunga cherehani, akaenda kujifunza Kiingereza kwa Mukandayisenga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekulia ukimbizini Uganda. Mwalimu huyo alifundisha kwa nyanya, kwa mizani na kwa masimango. Ukikosea, alikuuliza kama ulimi umeuacha nyumbani. Lakini ulitoka darasani ukijua kutaja bei, kumpima mtu kiuno na kumkatalia mteja mjanja bila kumpoteza.

Kompyuta ilipofika, zawadi ya shirika la ng'ambo, Munyaneza aliwakusanya wanafunzi wote ishirini. Ndani ya diski mlikuwa na mwalimu wa kuchorwa, kibonzo cha mwanamke wa Kizungu aitwaye Betty.

"Donc, kuanzia leo Betty ndiye mwalimu," alitangaza. "Hachoki, haugui, haombi ruhusa ya kwenda mazishini. Mukandayisenga atakuwa anawasha na kuzima."

Mukandayisenga aliwasha na kuzima kwa siku tano. Siku ya sita hakuonekana.

Rayhana alimchunguza Betty kama anavyochunguza mshono wa fundi mwingine, na hakuona pa kusifu. Nywele zake za manjano hazikutikisika hata alipogeuka. Alipepesa macho kwa mpigo uleule mchana kutwa, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Ukipatia, alitabasamu. Ukikosea, alitikisa kichwa na kutabasamu vilevile, tabasamu ambalo Gisenyi utalipata kwa jirani anayekusengenya. Wanafunzi walipanga foleni mbele ya kipaza sauti kimoja, kila mtu dakika mbili, na kila mtu alitakiwa kuomba tiketi ya treni ya kwenda Londoni.

"Bon, treni iko wapi?" aliuliza Hakimu, mchuuzi wa sabuni. "Mi ninaendaka Goma kwa miguu. Pale mpakani nitaomba tiketi kwa nani?"

"Sema kama Betty anavyosema," Munyaneza alimkaripia.

Walisema. Betty akatikisa kichwa: jaribu tena. Kwa Rayhana ndiyo ilikuwa balaa, maana katika kinywa chake, kama katika vinywa vingi vya pale, r na l zilibadilishana viti zilivyopenda. Wiki tatu nzima hakukubaliwa hata mara moja. Munyaneza alizunguka darasani akitikisa kichwa na yeye, mpaka watu hawakujua nani kachorwa na nani kazaliwa.

Kisha akaja mgeni kutoka lile shirika, mzee wa Skotilandi mwenye ndevu nyekundu na kamera shingoni. Munyaneza alivaa tai. Alimteua Rayhana aonyeshe, kwa sababu siku hiyo alikuwa amevaa vizuri kuliko wote.

Rayhana alishika kipaza sauti, akaomba tiketi yake. Betty akatabasamu, akatikisa kichwa. Akaomba tena. Jaribu tena. Mara ya tatu Munyaneza alimnong'oneza, "Wewe unaniaibisha makusudi!"

Hapo Rayhana alimgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiingereza cha Mukandayisenga, polepole lakini bila kuyumba: "Tafadhali, jaribu wewe."

Mzee alicheka, akainama, akaomba tiketi ya Londoni kwa sauti ya kwao milimani, r zikinguruma kama pikipiki inayopanda mlima Rubavu. Betty alipepesa macho. Akatikisa kichwa. Jaribu tena.

Mzee alirudia kwa nguvu. Betty alimkataa. Masikio ya mgeni yalifanana na ndevu zake.

"Umeme wa leo si mzuri," Munyaneza alisema haraka.

"Bwana," Rayhana alimwambia mgeni, "mimi ninaposema, wewe unanielewa?"

"Vizuri kabisa."

"Na mimi nakuelewa. Basi huyu anatukatalia kama nani?"

Hakimu ndiye aliyeanza kucheka, darasa zima likamfuata. Mgeni naye alicheka, lakini alipiga picha zake kama alivyotumwa, akaondoka. Kesho yake Rayhana alikuta jina lake limekatwa kwa mstari katika orodha ya wanafunzi. Betty alibaki.

Rayhana hakupiga kelele. Alipanda hadi kwenye chumba alichopanga Mukandayisenga, akamkuta anachambua maharage.

"Mwalimu, duka yangu ina benchi mbili. Njoo ufundishe pale."

"Nani atakuja?"

"Wote waliochoka kusafiri Londoni."

Wiki ya kwanza walikuja sita, na mwezi ulipokwisha benchi hazikutosha. Rayhana mwenyewe aliingia ofisi ya shirika moja kando ya ziwa, akajieleza kwa r na l zake zilizopinda, akatoka na kazi ya sare mia tatu. Hakuna aliyemwambia ajaribu tena.

Mvua za vuli zilipoanza, Munyaneza alisimama mlangoni kwake, koti limelowa. Wizara ilikuwa imemwita Kigali ahojiwe kwa Kiingereza kuhusu cheo chake, naye miezi yote hiyo alikuwa amejifunza kuomba tiketi tu.

"Mama Shafi, si kwa ubaya..." alianza. "Nafasi iko?"

Rayhana alikuwa na maneno mengi ya kumtupia, tena matamu, lakini Mukandayisenga alimtangulia. Alimwonyesha Munyaneza kigoda karibu na Drocella, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Nyamyumba, ambaye hakuwahi kumaliza hata darasa la tatu.

"Huyu ndiye atakayekuanzisha wewe," alisema. "Akiridhika, utahamia benchi."

Drocella alifuta mikono kwenye kitenge, akamuuliza mkuu wa kituo kwa Kiingereza anataka samaki kiasi gani. Munyaneza, kwa Kiingereza pekee alichokuwa nacho, akaomba tiketi ya treni. Nje mvua ilizidi, na Rayhana akarudi kwenye cherehani, mgongo ukiwa kwao, mabega yakimtikisika kwa kicheko.