Kompyuta Isiyojua Kubembelezwa

Dada yangu Badri alipotangaza kwamba atanunua programu ya kuongoza kompyuta kwa sauti ili asinisumbue tena, nilijua mara moja kwamba hataki nisome barua zake. Kwa miaka miwili, tangu baridi yabisi ilipomkunja vidole, mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Yeye anasema, mimi nachapa. Na nikichapa natia chumvi kidogo, maana dada ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na barua zake zilikuwa zikisomeka kama mitihani.

Kisa chenyewe kilikuwa Bwana Ketabchi, mpima ardhi mstaafu wa Kashan, aliyefiwa na mke. Alikuwa ameshamposa dada mara mbili kwa barua pepe, na mara zote mbili nilichapa hapana, kama inavyopasa. Hapa Shiraz mwanamke anayejiheshimu hasemi ndiyo kabla ya mara ya tatu, na akisema mapema hata mposaji mwenyewe hushtuka. Sasa barua ya tatu ilikuwa imefika. Ketabchi alisema Alhamisi adhuhuri anaondoka kwenda kuishi kwa binti yake Mashhad, na asipopata jibu kabla ya hapo hatamsumbua tena. Jibu hilo ndilo Badri alilotaka kuliandika peke yake.

Nilinuna. Dada akiolewa atahamia Kashan, nami nitabaki na vyumba vitatu na televisheni. Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyotaka kukubali, na ndiyo maana aliponiomba nimwekee programu nilikubali upesi mno.

Niliiweka Jumatatu. Ilitaka isomewe sentensi ishirini ili izoee sauti. Nilisoma zangu kwanza, eti kwa majaribio, kisha nikamvisha dada maikrofoni ya kichwani. Badri hakuanza kusoma mpaka aijulie hali. Aliiuliza imeamkaje, akaishukuru kwa kukubali kuja nyumbani kwetu. Sauti ya kike ikasema haijaelewa, arudie. Akarudia, kwa upole zaidi.

Nilimweleza kwamba mashine inataka amri fupi tu: fungua barua, andika, tuma.

"Hivyo hivyo, kavu?" akaniuliza. "Hata punda wa baba tulikuwa tunamwomba."

"Basi iombe," nikasema, nikaenda zangu jikoni kuchambua mboga.

Jambo moja sikumwambia, nalo nililijua vizuri: mashine huuliza mara moja tu. Jumanne alimaliza barua nzima, na ile sauti ikamuuliza kama ihifadhi, aseme ndiyo au hapana. Badri, aliyelelewa vyema, akajibu kama anavyomjibu kila anayemkaribisha chai. Hapana, mwanangu, usijisumbue. Kisha akatulia, akingoja aulizwe tena. Kompyuta ikahesabu moja mpaka tano, ikafuta kila neno na kumtakia siku njema. Jikoni nilicheka nimeziba mdomo kwa kitambaa cha sahani.

Jumatano alipoteza barua mbili. Alikuja macho mekundu, akaniuliza kama nadhani mashine haimpendi. Nikamwambia labda imetoka Tehran, kwa watu wa mji mkuu wasio na subira. Hakucheka. Hapo roho ilinisuta, lakini si sana.

Alhamisi saa nne asubuhi akajifungia chumbani. Ilipofika saa sita kasoro robo nilikuwa nimebandika sikio mlangoni, na sioni haya kusema. Alikuwa anakaribia mwisho. Alikuwa ameshamwambia Ketabchi kwamba amekubali, kwa maneno mafupi ambayo mimi ningeyapamba.

"Nitakuja na mdogo wangu Farangis," nikamsikia akisema. "Yeye atakataa. Atasema Kashan kuna joto, kuna nge. Usimsikilize. Ana ulimi mkali, lakini miaka miwili vidole vyake vimekuwa vyangu, na sijawahi kumsikia akilalamika. Chumba cha upande wa bustani kiwe chake. Ukiona hilo ni zito, nisamehe, basi na mimi siji."

Nilikuwa nimelalamika sana, tena kwa majirani wote wa ghorofa tatu.

"Nitume barua?" ikauliza kompyuta. "Sema ndiyo au hapana."

Ulimi wa miaka sitini na sita haubadilishwi kwa siku tatu. "Hapana, mwanangu," akasema Badri, "usijisumbue kwa ajili yangu."

"Moja," ikasema kompyuta. "Mbili."

Niliusukuma mlango kwa bega. Nilimwona dada amekaa wima kitandani, mikono mapajani, akingoja kwa adabu aulizwe tena, na saa ya ukutani juu yake inakaribia sita. Nikaikamata maikrofoni iliyokuwa mbele ya mdomo wake, karibu nimng'oe na sikio.

"Ndiyo," nikaiambia. "Tuma barua. Tuma, we mjinga."

Barua ikatumwa.

Badri akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unajua dawa yake," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na hapo mlangoni umesimama tangu lini?"

"Tangu saa nne."

Nilingoja matusi, ambayo nilistahili. Alikuwa akihangaika kuivua maikrofoni kwa vile vidole vyake, nikamvua mimi, taratibu, nywele zisinase. Nilitaka kusema kwamba Kashan kuna joto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nitakuja Kashan," nikasema, ingawa yeye hakuwa ameniuliza hata mara moja.

Badri akaniambia sina adabu kabisa, akasogea kitandani nipate pa kukaa.