Taya la Mngoni

Nasema tangu mwanzo: mtu asiye na mtani hajui mateso. Adui unajua anataka nini. Mtani anakutukana, anakucheka, anakula ugali wako, na siku unayomhitaji kwa jambo la maana hujui kama amesikia ombi au amesikia mchezo.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, na Luteni Didas, daktari wa kambi nilikotumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu wamalizie kwa mdomo. Na Didas alikuwa na mdomo! Kila asubuhi pale zahanati, mbele ya wagonjwa: "Kamwene, mtumwa wangu! Leo umekula mbwa wa nani?" Nami namjibu, "Wale mliotuachia mlipokimbia, afande." Watu wanacheka, kazi inaendelea.

Mwaka wa sabini na nne nilikuwa nimeshamaliza jeshi, nimerudi kwenye uuguzi Iringa mjini, nikasikia hospitali kubwa ya Mbeya inatafuta mtu wa kusomea kazi ya usingizi, kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa. Mtu mmoja tu. Dada yangu Juliana alipasuliwa wakati wa uzazi, akaamka hawajamaliza kushona. Mpaka leo akisikia mkasi unagonga bakuli anatoka nje. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka mume, na mama yangu alilijua hilo na halikumpendeza hata kidogo. Nikiikosa, uhamisho wangu ulikuwa tayari mezani: zahanati ya kijijini huko Chunya, kugawa klorokwini mpaka nizeeke.

Walitaka barua mbili za kunithibitisha, moja ya hospitali na moja ya jeshi. Ya hospitali matroni aliiandika siku hiyo hiyo, sifa tupu, mpaka nikaona haya. Ya jeshi lazima itoke kwa Didas.

Nikamfuata kambini. "Afande," nikasema, nimesimama wima, "leo sitaki utani. Naomba barua ya kwenda kusomea usingizi."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Mhehe asomee usingizi! Kwani hamlali bure siku zote?"

Akaingia ofisini, akaandika huku anacheka peke yake. Nilimsikia kwa masikio yangu! Akatoka na bahasha imefungwa, mhuri umegongwa juu ya mdomo wake. "Nimesema ukweli wote," akasema. "Hata lile la taya."

Lile la taya. Yesu na Maria!

Ni hivi. Nilipokuwa kambini Didas alishikwa na kidole tumbo. Mpasuaji akaletwa kutoka mjini, lakini mtu wake wa usingizi alikuwa mgonjwa, na mimi kazi hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho tu. "Wewe binti, dondosha etha," mpasuaji akaniambia. Nikadondosha kwenye shashi puani mwake, tone kwa tone, mpaka Didas akaacha kunitukana. Mara ulimi ukarudi nyuma, akakoroma, pumzi ikakwama. Nikampa muuguzi mwenzangu chupa, nikaingiza vidole nyuma ya taya, huku na huku, nikalivuta mbele. Pumzi ikapita. Nikilegeza, inakwama. Basi sikulegeza, vidole vikafa ganzi, jasho likaniingia machoni. Alipoamka, neno lake la kwanza: "Mhehe amenipiga ngumi nimelala!" Wiki nzima akanywa uji, akimwonyesha kila mtu taya lake. Asante sikuipata.

Na sasa limeandikwa, na mhuri juu.

Katika basi la Mbeya niliitia bahasha kifuani, ndani ya blauzi. Tulipofika Makambako nikaitoa, nikaiinua dirishani kwenye mwanga. Karatasi nene ya serikali, hakuna kinachoonekana. Niifungue? Nikikuta upuuzi nitafanya nini, na bila barua ya jeshi hawanipokei? Nikairudisha. Nikaitoa tena. Pale Chimala abiria walishuka kununua mchele, na jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma wa huko Usangu, akarudi na ndizi, akanipa moja. "Kula, mwanangu. Uso umekupauka, kuna nini?" Nikamlaani Didas, na babu yake, na mkuki wa babu yake. Kisha nikaogopa laana isije ikampata kweli, nikamwombea Salamu Maria moja. Fupi.

Chumba cha usaili kilikuwa na watu wawili. Mmoja Ndugu Katibu, mtu wa utawala, amevaa Kaunda suti na miwani. Mwingine Mnyakyusa wa makamo, Ndugu Jailos, mkuu wa usingizi, aliyekuwa anachonga penseli wala hakuniangalia.

Katibu akasoma ya matroni, akaitikia kwa kichwa. Akapasua ya Didas. Akasoma kimya, nyusi zikapanda.

"Ndugu Verediana, huyu daktari mna ugomvi?"

"Ni mtani wangu, Ndugu Katibu. Ni Mngoni."

"Ofisi ya serikali haina utani." Akasoma kwa sauti: "'Huyu Mhehe ni hodari wa usingizi.' Haya! Jeshini hodari wa usingizi si anawekwa mahabusu? 'Babu zake walijitahidi sana kutulaza sisi Wangoni tusiamke. Yeye alinilaza mimi, nikaamka. Ila nasema ukweli wote: taya liliniuma wiki nzima, pande zote mbili, hata ugali nikashindwa kutafuna.'" Akaitua karatasi mezani kwa ncha za vidole. "Amemuumiza mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe ni daktari, na ametia sahihi."

Machozi yakanijaa, ya hasira. Nikaiona Chunya, nikaziona klorokwini zake zote. Nikasimama nijiondokee kabla sijafukuzwa.

"Kaa, binti," akasema Jailos. Penseli ilikuwa imetulia. "Pande zote mbili?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulishika mpaka lini?"

"Mpaka aliposhonwa."

"Hukumpokeza mwenzako?"

"Niliogopa, mzee. Nikilegeza pumzi inakwama."

Akamgeukia Katibu. "Wamepita hapa wengi wenye barua nzuri. Hakuna hata mmoja ambaye mgonjwa wake aliumwa taya. Ukimwacha mtu ulimi urudi nyuma, Ndugu Katibu, haumwi taya. Haumwi kitu tena."

"Lakini barua inasema..."

"Barua aliniandikia mimi." Akavuta kiti katikati ya chumba, akakaa, akaegemeza kichwa nyuma. "Njoo unionyeshe."

Nikasimama nyuma yake. Nikaingiza vidole nyuma ya taya lake, nikavuta. Meno yake ya chini yakatangulia ya juu. Katibu akainuka kwenye kiti chake, akatuangalia, akakaa tena.

"Sasa niandike nani?" akauliza.

Jailos hakuweza kujibu, nilikuwa nimeshika. Mkono wake ukapanda taratibu, kidole kikanielekea mimi. Katibu akachukua kalamu.

"Basi mwachie, Ndugu Verediana."

"Akiniambia mwenyewe," nikasema.

Nilitoka pale mbio mpaka posta, kupeleka simu ya maandishi kambini. Nikataka kuandika asante, mkono ukakataa. Nikaandika: "Nimepata. Taya linaendeleaje, mtumwa wangu?" Ndipo nikaanza kulia pale dirishani, kwa kwikwi, watu wananitazama.

Karani akaisoma, akaniangalia kwa huruma. "Pole, dada. Ni msiba?"

"Hapana," nikasema. "Ni mtani."