Mhusika Afike Mwenyewe

Mimi nasema, na nitaendelea kusema: mhusika wa mchezo aundwe kabla chai haijapoa. Jina, kazi, silaha, kasoro moja ya kuchekesha, basi, tuingie pangoni. Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anajifanya mtu fulani, na dadu zinaamua nani kaanguka shimoni. Sasa mtu akikaa kutwa nzima anachagua rangi ya viatu vya mtu asiyekuwepo, mimi msimuliaji nazeeka.

Desimali haafiki. Huyu ni mwalimu wa hesabu, rafiki yangu tangu sote tukiwa na nywele. Mhusika wake mmoja alikuwa na ukoo mpaka kwa babu wa babu, na kila babu na ugomvi wake. Akakanyaga ubao mbovu mlangoni, akafa kabla hajasema neno. "Haraka haraka haina baraka," Desimali huniambia hata hivyo. Mimi humjibu, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Tunaendelea hivyo kila Jumapili, huku Sista, muuguzi wa wodi ya wazazi, akitikisa dadu kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja watoto watoke.

Tunachezea karakanani kwangu. Natengeneza friji, na meza yetu ni friji lililolazwa chali ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua.

Jumapili hiyo asubuhi mke wangu alinivuta jikoni. "Baba anapanga begi," alisema kwa sauti ya chini.

Baba mkwe alikuja kututembelea baada ya kustaafu ukarani wa masijala. Kwake yuko peke yake, maana mama mkwe alishatangulia. Mke wangu anataka abaki nasi, lakini hathubutu kumwambia asije akakataliwa. Mzee naye hasemi lolote ila methali moja, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," kisha huangaza macho huku na huku kama anayelitafuta hilo jembe. Viungo vya jikoni alishavipanga kwa alfabeti, kuanzia binzari. Kazi ikaisha. Kesho yake alikuwa na safari ya basi.

"Mchukue leo," mke wangu alisema. "Mpe shughuli yoyote. Akirudi kule atakaa anaongea na redio mpaka lini?"

"Nitamchezesha."

"Baba yangu? Na hayo madubwana yenu?"

"Basi nimpe friji atengeneze?"

Alinionyesha mlango wa chumba cha mzee. Nikamchukua.

Mzee alikuja amevaa koti, kalamu mbili mfukoni, ya pili ya akiba. Wenzangu walimpa shikamoo, Sista akampisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Nikamwekea karatasi mbele yake. Juu, kwa herufi kubwa, imeandikwa MHUSIKA.

"Jaza tu, baba. Ni dakika chache."

"Mhusika ndiye mimi?"

"Ndiye wewe," nilijibu, kichwa kikiwa chini ya benchi natafuta dadu iliyobiringikia kwenye kompresa. Kosa lilizaliwa hapo, na mkunga ni mimi.

Chai ilifuka mvuke, ikaacha, ikaota utando. Mzee anaandika, anafikiri, anapuliza wino ukauke. Desimali alikuwa anatabasamu hadi masikioni, na mimi nilikuwa natamani kumfungia ndani ya friji.

"Tusomee basi, baba," nilisema mwishowe.

Akasafisha koo. "Mhusika ni mwanamume, mgane. Kazi: mstaafu. Nguvu: wastani, asibebeshwe magunia. Wepesi: goti la kushoto haliruhusu. Silaha," akanitazama juu ya miwani, "hana, na hajawahi kukamatwa nayo. Uchawi: mhusika hajihusishi."

Sista alicheka mpaka akashika ukingo wa friji. Nami nilicheka. Mzee hakucheka. Aliiangalia karatasi yake, akaanza kuikunja taratibu.

"Nimekosea wapi?" aliuliza, na kicheko kikanikauka.

Nikamweleza kwamba huyu ni mtu wa kubuni, anaweza kuwa shujaa, anaweza kuwa jitu lenye panga, chochote apendacho.

"Basi kwa nini mnamwita mhusika?" Safari hii sauti ilikuwa ya ofisini. "Mhusika ni yule ambaye jambo linamhusu. Barua ikisema mhusika afike mwenyewe, haji shemeji yake, wala haji mtu wa kubuni. Kama jambo halimhusu, huyo ni mpita njia."

Desimali alilipiga friji kofi. "Mzee! Ndicho ninachomwambia mkweo kila siku! Anatujazia pango wapita njia wenye mapanga!"

Nilikasirika, sikatai. Kushindwa na Desimali kunauma, na kushindwa naye mbele ya mkwe ni balaa.

"Mimi namtaka huyu huyu," Sista alisema, akimnyang'anya mzee karatasi kwa upole na kuikunjua. "Mwenye goti. Nitamfunga bendeji, twende naye."

Mzee alimgeukia. "Kwani huko kuna kazi ya kumfaa?"

Nikafikiri haraka. "Kuna lango, baba. Mlinzi hafungui. Hawa wawili wameshauawa pale wakijaribu kumpiga."

"Kumpiga?" Mzee alishangaa kwelikweli. "Mtu wa lango hapigwi! Anaulizwa ametumwa na nani, na amri hiyo ina sahihi ya nani. Hapo ataanza kutafuta mkubwa wake, na wewe unapita." Desimali na Sista walitazamana kama watu waliokufa bure.

Akaichukua tena karatasi, mgongo umenyooka. "Imebaki sehemu moja. Makazi ya mhusika." Kalamu ikasimama hewani. "Hii siwezi kujaza kwa kubahatisha."

Siku nyingine yoyote ningesema andika popote, andika mwezini, twende zetu. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaona kidole gumba chake kinavyoisugua kalamu, nikajua hapo hatuzungumzii mchezo.

"Usikimbilie, baba," nilisema. "Tutangoja."

Desimali alinitazama kama aliyesikia mbuzi anasoma taarifa ya habari. Tukangoja.

Tulikuwa bado tunangoja mlango uliposukumwa, mke wangu akaingia na sufuria ya chakula. "Mmeshacheza?"

"Bado. Tunamuunda mhusika."

"Mchana kutwa?"

"Baba amekwama," nilisema. "Hapa wanauliza makazi, naye hajui aandike wapi."

Mchezo wetu mke wangu haujui, tena hautaki. Aliitua sufuria juu ya friji, akaacha mkono kwenye mfuniko. "Hajui nini? Baba, wewe unakaa wapi? Unakaa kwetu."

"Mimi ni mgeni wenu, mwanangu."

"Mgeni gani! Mgeni anamwambia mwenye jiko binzari itangulie iliki?" Aliubana mfuniko kwa kiganja. "Nataka ukae. Siku zote hizi nashindwa kusema, haya nimesema. Andika."

Hakuna aliyegusa dadu. Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Akamwambia binti yake asogee kidogo, anamkingia mwanga, akaandika.