Tovuti Isiyo na Wageni

Dada yangu alipewa kazi ya kupima tovuti zinazosambaza utafiti wa maendeleo kutoka nchi mbalimbali: ipi iendelee kufadhiliwa, ipi ifungwe. Aliifanya kwa bidii, niseme hilo kabla sijaanza kumsengenya. Alikaa ofisini kwenye intaneti ya kasi, akahesabu wageni wa kila tovuti, akagawa alama.

Moja ilimchekesha. Ilikuwa maandishi matupu, haina hata picha, rangi yake kama maji yaliyooshewa vyombo. Ilieleza kwa lugha nyepesi yale watafiti waliyogundua kuhusu lishe na magonjwa ya watoto. Wageni wake walikuwa wa kuhesabika.

"Chema chajiuza," aliniambia. "Hii nani anainunua?"

Akapendekeza ifungwe, na yaliyomo yahamishiwe kwenye tovuti kubwa, ile yenye video na ramani zinazozunguka. Ikafungwa kweli.

Baadaye tukaenda kumsalimia shangazi, muuguzi wa kliniki ya watoto. Hata hatujakaa vizuri, akamkabidhi dada simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Afadhali umekuja, mtu wa kompyuta. Ukurasa wetu haufunguki."

Dada akaiona anwani: ni ya ile tovuti ya maandishi matupu.

Shangazi, hana hili wala lile, akaendelea kueleza. Yeye ndiye aliyekuwa akiufungua, maana wenzake hawana bando la kutosha. Anachokipata anakinakili, anawarushia wauguzi wa kliniki kwenye kundi la simu, nao wanawarushia wa zahanati za mbali. Kwenye hesabu za dada alikuwa mgeni mmoja, tena wa kupita.

Dada akajaribu kufungua ile tovuti kubwa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka bando la shangazi likaisha. Nilimwonea huruma, na hasira pia ilinipanda. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Kuna mtoto kaletwa jana, amekonda mno," shangazi akasema. "Nilitaka kusoma tena namna ya kumrudisha kwenye chakula taratibu. Aliyeufunga ukurasa ule hakuwahi kutuona. Angetujua, angetuuliza."

"Ni mimi, shangazi." Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Shangazi akaichukua simu yake. Hakugomba, na heri angegomba.

"Na namba yangu unayo," akasema.