Vampaya Anayefuta Miwani

Vampaya wa kwanza alikuwa na umri wa miaka mia nne, nywele za kulala mgongoni, na kazi benki. Zamu ya usiku.

"Benki gani inafunguliwa usiku?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye sufuria.

"Mama, hii ni riwaya."

"Hata kama. Mchana kwenyewe foleni zinatutoa roho."

Chiriku alicheka, akaandika pembeni ya ukurasa: benki usiku??? Jina hilo la Chiriku alilipata utotoni. Alichelewa kuongea mpaka wazazi wakaingiwa na wasiwasi, halafu siku moja akaanza, na toka siku hiyo nyumba nzima ikawa inamwomba apumzike kidogo. Sasa alikuwa amemaliza chuo, kasomea fasihi, na kapata kazi ya kusoma miswada kwenye kampuni ndogo ya vitabu. Kazi ya majaribio lakini! Jumatatu kulikuwa na kikao, na baada ya kikao ndiyo angejua kama anabaki au anarudi kumsaidia mama kumenya viazi.

Kampuni yenyewe, usiombe. Miaka yote imekuwa ikichapa vitabu vya hesabu na kile kimoja cha kufuga kuku. Sasa kuna bwana wa mauzo pale, wote wanamwita Anko Mauzo, tumbo lake linaingia ofisini kwanza, yeye anafuata. Huyo ndiye aliyekuja siku moja anahema: wasichana wa siku hizi wanataka vampaya! Mapenzi ya vampaya! Basi likatangazwa shindano. Miswada ikaja kama mvua, ikachujwa ikabaki minne. Majina ya waandishi yalifichwa, kila mswada ukapigwa chapa upya na kupewa namba, na sheria ikaandikwa kwa herufi kubwa: jamaa wa kampuni haruhusiwi kushiriki. Madam, bosi mwenyewe, alitaka hivyo, na Madam akitaka, imetoka.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo asubuhi Chiriku alikuwa mezani jikoni, vampaya wamemzunguka, mama anakaanga vitunguu.

Namba mbili ilikuwa ya vampaya kijana aliyempenda msichana mwenye upungufu wa damu.

"Sasa hapo kafuata nini?" mama akauliza. "Si sawa na kwenda kuchota maji kwenye bomba kavu?"

"Ndiyo raha yake, mama! Anampenda yeye, hapendi damu yake!"

Mama aliwaza kidogo, akakubali kwamba huyo kijana kalelewa vizuri. Ila aliposikia kwamba hawezi hata kunusa vitunguu saumu, akaweka mwiko chini. "Yaani mkwe aje hapa asile? Nimpikie nini? Hafai, mrudishe kwao."

Namba tatu, binti alikuwa anazimia. Kaguswa mkono, kazimia. Katazamwa, kazimia. Mpaka sura ya tatu Chiriku alikuwa anamwonea huruma vampaya, maana yule hakuwa mchumba tena, alikuwa mhudumu wa wodi.

Halafu akafungua namba nne.

Humo vampaya alikuwa mwanamke. Hakuwa na koti refu wala kicheko cha kutisha. Alikuwa na mikono ya baridi na sauti ya kupanga watu foleni. Mwanamume anayempenda alimwandikia barua ya mapenzi, akarudishiwa kesho yake ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na alama juu: kumi na mbili kwa ishirini, jitahidi. Asubuhi alikunywa kitu chekundu, mchana chekundu, jioni chekundu. Watu walikuwa wanakunja kona wakisikia viatu vyake. Na yule mwanamume, maskini ya Mungu, kila akivisikia viatu hivyo anachomekea shati.

Chiriku alisoma kwa sauti mpaka koo likamkauka. Nyanya zikaungua na hakuna aliyejali.

"Huyu mwanamke namjua," mama alisema ghafla.

"Utamjulia wapi wewe?"

"Kwako. Si ndiye unayekuja kunisimulia kila jioni? Wino mwekundu, viatu, ile juisi yake nyekundu ya bitiruti..."

Chiriku akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Mama! Madam! Ni Madam! Kaandika Madam!"

"Bosi wako kaandika riwaya ya mapenzi?"

"Nani mwingine anajua mambo yote haya? Kaiingiza kimyakimya kwenye shindano ili aone tutasema nini! Ni mtihani, mama! Wananipima!"

Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mswada ulikuwa mtamu, mtamu kweli, isipokuwa sura ya mwisho. Kwenye sura ya mwisho yule mwanamke anapona. Mapenzi yanamponya uvampaya. Mikono inapata joto, anaacha kusahihisha watu, anacheka na majirani, anauliza "umechoka, mpenzi?" kama mtu wa tangazo la sabuni. Mama mwenyewe alisonya: "Wamembadilisha huyu. Yule wa mwanzo wamempeleka wapi?"

"Sasa nikaseme nini Jumatatu?"

"Sifia, mwanangu. Kazi kwanza, fasihi baadaye."

Ushauri mzuri, ila kulikuwa na tatizo. Msomaji aliyemtangulia Chiriku alifukuzwa kwa kusifia kila kitu. Aliyemtangulia huyo alifukuzwa kwa kuponda kila kitu.

Jumatatu Chiriku aliwahi ofisini mpaka akamkuta mfagiaji anafungua madirisha. Chumba cha kikao zamani kilikuwa stoo, na maboksi ya kitabu cha kuku bado yamepangwa hadi dari, ukiegemea vibaya unazikwa na jogoo. Kwenye korido alikutana na Mwalimu, mume wa Madam, mstaafu, mtu mpole kama mto wa kulalia. Kila siku anamletea mkewe bitiruti kwenye chupa ya chai. Suruali yake siku hiyo haikuwa imeona pasi, lakini miwani yake, kama kawaida, ilikuwa inang'aa utadhani imetoka dukani sasa hivi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mmeshaisoma? Ile miswada?"

"Tumeisoma."

"Yote?"

"Yote minne, Mwalimu!"

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Aa. Vizuri. Vizuri sana." Akamkabidhi chupa. Siku nyingine huwa anaondoka. Leo alikaa kwenye benchi la korido, akasema anapumzisha goti.

Kikao kikaanza. Madam alikaa mwisho wa meza, mgongo umenyooka kama rula, kalamu nyekundu mkononi, glasi ya bitiruti mbele yake. Namba moja ilikufa kwa sababu ya benki. Namba tatu ilikufa kwa kuzimia. Namba mbili Madam aliipenda, kwa sharti kwamba yule binti apewe dawa za kuongeza damu kabla ya sura ya tano, maana hawezi kuchapa kitabu cha mgonjwa asiyetibiwa.

"Namba nne," akasema. "Takataka."

Chiriku alihisi kiti kinazama.

"Huyu mwanamke ni chuma, si mtu," Madam aliendelea. "Hacheki. Anasahihisha barua ya mapenzi! Nani mwenye akili zake anaweza kusahihisha barua ya mapenzi? Na kutwa nzima ananywa vitu vyekundu, haachi." Akanyanyua glasi, akapiga funda refu, akafuta mdomo. Meno yote mekundu. "Nani anaweza kumpenda kiumbe kama huyo?"

Anko Mauzo aliangalia dari. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Chini ya meza akamkanyaga Chiriku mguu, akaukanyaga haswa.

Na Chiriku akakumbuka: vampaya hajioni kwenye kioo.

Lakini hapana! Huo si ndio mtego wenyewe? Mtu kaandika, sasa anaponda kazi yake aone nani atamtetea. Sifia, mama alisema.

"Mimi nimeipenda, Madam," akaanza. "Nzuri sana. Toka mwanzo mpaka mwisho."

Kalamu nyekundu ikasimama hewani. "Mpaka mwisho?"

Chiriku alijaribu kuitika kwa kichwa, kichwa kikakataa. Angeweza kudanganya kuhusu mengi, lakini ile sura ya mwisho ilikuwa imemkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

"Hapana, Madam. Mwisho mbovu! Mbovu kabisa, jamani, mwandishi kaogopa! Kurasa zote kampenda mwanamke huyu na ubaridi wake na kalamu yake, halafu dakika ya mwisho anamponya! Nani kamwambia anaumwa? Mimi huyo aliyepona simjui, hata yule bwana simwamini tena, kampata mke mwingine kabisa! Aliyekuwa anasubiriwa ni yule wa kumi na mbili kwa ishirini!"

Alipomaliza alikuwa amesimama, hajui alisimama saa ngapi. Akakaa taratibu. Basi, akajisemea, nimeshaiaga kazi. Viazi vinanisubiri.

"Kwa hiyo wewe unaweza kumpenda huyu?" Madam aliuliza.

"Mimi namwogopa, Madam. Lakini yule bwana anampenda, inaonekana kabisa. Soma pale kwenye miwani."

"Nitakusomea ili usikie upuuzi wenyewe." Madam akapekua, akapata, akasoma kwa sauti ile ya kupanga watu foleni:

"Kila asubuhi ananivua miwani bila kuniomba. Anaipumulia, lakini yeye hana pumzi ya joto, kwa hiyo vioo havishiki ukungu. Anaifuta hivyo hivyo, kwa pindo la gauni lake, kioo cha kulia kwanza. Hajawahi kuniambia neno tamu. Ananirudishia miwani, na dunia yote ninayoiona siku hiyo ni safi kwa sababu yake..."

Sauti ilikuwa imeanza kushuka kwenye "pindo la gauni". Ilipofika "kioo cha kulia" ilikuwa chini kabisa. Kwenye "kwa sababu yake" ikakatika.

Kule korido mtu akakohoa.

"Mwalimu!" Madam aliita. "Ingia humu!"

Mwalimu akaingia, anachomekea shati. Chiriku akaliona lile shati, akaiona ile miwani, akajishika mdomo kwa mikono miwili. Kumbe si Madam! Kumbe mama mtu na mwana mtu walikosea wote, na hakuna aliyekuwa anampima mtu!

"Ulianza lini?" Madam aliuliza.

"Nilipostaafu. Ulikuwa kazini, nyumba kimya."

"Kwa hiyo mimi ni vampaya."

"Mwanzoni ulikuwa mkuu wa gereza. Anko hapa ndiye aliyesema vampaya wanauzika."

Anko Mauzo ghafla akapata haja kubwa ya kupanga maboksi ya kuku.

"Sheria inasema jamaa wa kampuni haruhusiwi."

"Najua, mke wangu. Wewe uliiandika mezani kwetu, mimi nikakushikia taa."

"Sasa kwa nini umeleta?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Kwa sababu barua yangu ya uchumba uliisoma ukaishia katikati. Ukasema mwandiko mbaya. Nikasema hapa kwenye shindano, wewe ni jaji, lazima usome mpaka mwisho."

Anko Mauzo akaacha kupanga. Hata jogoo wa kwenye maboksi walinyamaza.

Madam akavuta mswada namba nne. Akachora mstari mwekundu juu ya jalada, kona hadi kona. "Umeondolewa shindanoni," akasema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua. Kisha Madam akafungua sura ya mwisho, akaandika kitu pembeni, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikalia, akausukuma mswada kwa mumewe. Chiriku alinyoosha shingo kama twiga. Lilikuwa neno moja tu: Asipone.

"Na mwandiko?" Mwalimu aliuliza polepole.

"Mwandiko bado. Lete hiyo miwani."

Akamvua. Akaipumulia, cha kulia kwanza. Vioo vyote viwili vikashika ukungu, mweupe, mzito.

"Kumbe anapumua," Anko Mauzo alinong'ona kutoka kwenye maboksi.

Chiriku alijitahidi. Mungu anajua alijitahidi. Kicheko kikamtoka puani.

"Kinachochekesha ni nini?" Madam aligeuka, pindo la gauni bado mkononi, meno mekundu.

"Hakuna kitu, Madam."

"Umenidanganya leo. 'Mpaka mwisho.'"

"Nilijirekebisha, Madam! Hapo hapo!"

"Ndiyo maana mkataba uko mezani kwangu. Usaini kabla ya mchana. Na kwenye kikao hatusemi 'jamani'."

Chiriku alishuka ngazi mbili mbili, simu tayari sikioni.

"Mama! Nimepata! Nimeajiriwa! Si Madam, ni mumewe! Mwalimu kaandika, kamwandikia mkewe, na Madam kasoma mpaka mwisho, mama, yote, na kamfutia miwani mbele yetu!"

Upande wa pili kulisikika mafuta yanachemka, na mama anafikiri.

"Huyo bwana," mama akasema, "anakula vitunguu saumu?"